Pampu ya oili ya Hilux D-4D: pima kwanza, fungua baadaye

Taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye dashibodi ya Hilux, gereji nyingi hutoa hukumu papo hapo: pampu imekufa, ibadilishwe. Mara nyingi hukumu hiyo imekosea. Pampu ya oili ni chuma kigumu kinacholowa oili muda wote injini inapozunguka, tena yenyewe ndiyo ya kwanza kuipata. Ikiharibika, jua kuna kilichoiharibu: chujio la kwenye sampo (beseni la oili chini ya injini) limeziba, oili imechanganyika na dizeli, au hewa inapenya kwenye mrija wa kunyonyea. Wakati mwingine pampu ni nzima kabisa, ila beringi za krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) zimelika na presha haishikiki. Mwenye gari anayefunga pampu mpya bila kujua chanzo hurudi gereji muda si mrefu akitafuta injini nzima.

Mwongozo huu unahusu Hilux ya umbo la Vigo, iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, yenye injini ya dizeli ya D-4D, yaani 2KD-FTV (cc 2,494) au 1KD-FTV (cc 2,982). Injini hizo zimo pia kwenye Fortuner, Prado na Hiace nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo inazihusu hizo pia. Mwenye Hilux ya zamani ya injini ya 3L au 5L atapata humu njia ya kupima na kuchunguza; pale injini yake inapotofautiana tutasema. Humu "oili" ni ya injini, na "mafuta" ni dizeli.

Pampu inasukuma, presha inatoka kwingine

Hili likieleweka, mengine yote huwa mepesi. Pampu haizalishi presha. Kila mzunguko inachota kiasi kilekile cha oili na kukisukuma mbele. Presha inatokea kwa sababu oili hiyo inalazimika kupita kwenye nafasi finyu kati ya beringi na krankishafti, kwenye kemshafti, kwenye turbo na kwenye vijirija vinavyorusha oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Nafasi hizo zikipanuka kwa kulika, oili inapita kirahisi na presha inashuka, hata kama pampu ilitoka dukani jana. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, matokeo ni yaleyale.

Upande wa pili kuna vali ya kupunguza presha: pistoni ndogo na springi. Presha ikizidi, vali inafunguka na kuirudisha oili ya ziada, la sivyo asubuhi ya baridi filta ingepasuka. Vali hiyo ikikwama wazi kwa uchafu, utapata dalili zote za pampu iliyokufa, na dawa yake ni kusafisha tu.

Kwenye 2KD na 1KD pampu iko mbele ya injini, kwenye kasha la gia za taimingi, na inazungushwa na krankishafti kwa gia. Mkanda wa taimingi hauiendeshi. Maana yake ni mbili: maadamu injini inazunguka, pampu nayo inazunguka, na kuifikia pampu ni kazi kubwa, kwa sababu puli, mkanda, sampo na kasha la mbele vyote vinatoka. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu apime kabla ya kufungua.

Ugonjwa unaoua pampu za D-4D

Injini hizi zina udhaifu unaojulikana dunia nzima, na kila mwenye nayo anapaswa kuujua. Chini ya kila nozeli (kifaa kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda) kuna washa, yaani pete nyembamba, inayozuia moto wa ndani ya silinda usitoroke kupitia pembeni ya nozeli. Washa hiyo ikichoka, gesi yenye masizi hupenya na kuingia upande wa juu wa injini, ndani ya kifuniko cha tapeti, na kuchanganyika na oili. Kwa joto la pale, masizi na oili huokwa pamoja na kuwa lami, kisha vipande vyeusi vigumu. Vipande hivyo hushuka na oili hadi kwenye sampo, na pampu huvivutia kwenye wavu wa chujio la chini.

Chujio likishaziba nusu, gari bado litatembea vizuri mjini. Taa haitawaka. Lakini ukipanda mlima na mzigo, au ukikaa kwenye mwendo mkubwa barabara kuu, pampu inahitaji oili nyingi zaidi kuliko wavu unavyoweza kupitisha. Turbo ndiyo inayoumia kwanza, kwa kuwa shafti yake inazidi mizunguko 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya oili tu. Baada ya turbo zinafuata beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krankishafti.

Dalili za washa zilizochoka hazijifichi kwa anayezitafuta. Asubuhi injini inagonga au inatoa moshi mweupe kwa dakika chache. Unasikia mlio wa "chu-chu-chu" juu ya injini unaofuata mzunguko. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu: gesi kidogo ni kawaida, lakini ikitoka kwa kusukumasukuma yenye harufu ya moshi, shuku washa, na kama injini imetembea sana shuku ringi pia. Tazama ndani ya mdomo huo kwa tochi. Ukiona lami nene au ukoko mweusi, usimalize wiki bila kuangalia chujio la chini.

Nozeli ikitolewa kwa sababu yoyote ile, washa mpya ni lazima. Washa ya zamani imeshabanwa na kuchukua umbo, ukiirudisha, haitaziba. Kitako kinachokalia washa nacho kisafishwe hadi kwenye chuma kitupu. Na kubadilisha washa hakuondoi uchafu uliokwisha kushuka. Fundi anayefunga washa mpya na kuacha sampo bila kufunguliwa ameponya nusu ya ugonjwa.

Kupima presha

Taa ya dashibodi si kipimo. Swichi yake huwasha taa presha inapokuwa karibu sifuri, kwenye kiasi cha 0.3 kgf/cm² (karibu sawa na bar 0.3). Kwa injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika na mzigo mgongoni, 0.3 ni msiba uliokwisha kutokea. Ndiyo maana unahitaji geji ya mkono, ya bar 0 hadi 10, yenye mpira mrefu wa kukufikisha pembeni ya gari.

Uzi wa swichi ya oili ya Toyota kwa kawaida ni 1/8 BSPT, wenye nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi zinazouzwa zina kiungo cha 1/8 NPT chenye nyuzi 27. Kinaingia mizunguko miwili mitatu, kinakaza, na mtu anadhani kimekubali, kumbe kinaharibu uzi wa bloku. Nunua kiungo sahihi.

Utaratibu ni huu:

1. Simamisha gari pahali tambarare, zima, subiri dakika 5, pima kiwango cha oili kwa kijiti. Kama imepungua, jazia kwanza. Kipimo cha injini yenye oili pungufu hakina maana.

2. Endesha gari dakika 20 au zaidi. Geji ya joto la maji hufika katikati mapema kuliko oili inavyopata moto, kwa hiyo usifanye haraka.

3. Zima. Tafuta swichi ya oili kwenye ubavu wa injini, kwa kawaida jirani na filta, yenye waya mmoja. Safisha uchafu unaoizunguka, chomoa waya, ifungue kwa soketi ndefu.

4. Funga geji. Ukitumia tepu ya uzi, acha nyuzi mbili za mwanzo wazi ili kipande cha tepu kisikatike na kuingia kwenye njia ya oili. Pitisha mpira mbali na feni na bomba la moshi.

5. Washa. Angalia kama panavuja. Soma geji injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha kwenye 2,000, kisha ishikilie kwenye 3,000 kwa nusu dakika. Andika namba zote pamoja na jinsi mshale ulivyotulia au kuchezacheza.

Kwa dizeli za Toyota za ukubwa huu, kipimo cha kawaida cha vitabu vya karakana ni angalau 0.3 kgf/cm² injini ikiunguruma taratibu (kPa 29, au psi 4), na kati ya 2.5 na 6.0 kwenye mizunguko 3,000 (kPa 245 hadi 588, au psi 36 hadi 85). Hakiki na kitabu cha injini yako. Lakini chukulia 0.3 kuwa mpaka wa hatari tu. Injini yenye afya, ikiwa moto, huzidi bar 1 kirahisi bila kukanyagwa.

Mshale unasema nini

Presha nzuri injini ikiwa baridi, inayoanguka vibaya ikiwa moto na kwenye mzunguko wa chini, huku kwenye 3,000 ikijitahidi kufika 2.5: hapo ni beringi zilizolika au oili nyepesi. Nusa kijiti. Dizeli ikiwa imo, utaisikia, na huenda hata kiwango kimepanda badala ya kupungua. Oili ikiongezeka yenyewe ni habari mbaya kuliko ikipungua, kwa sababu dizeli iliyovuja kwenye nozeli au mrija wake wa kurudishia inaondoa unene unaozilinda beringi. Rekebisha uvujaji, weka oili mpya na filta mpya, upime tena kabla ya kugusa kitu kingine.

Presha inayopanda vizuri hadi 2,000 halafu inagoma au kuanza kushuka unaposhikilia 3,000: chujio la chini limeziba. Pampu inavuta, wavu haupitishi. Hii ndiyo picha ya kawaida ya D-4D yenye washa mbovu.

Mshale unaotetemeka au kurukaruka ni hewa. Oili iko chini, au gasketi ya mrija wa kunyonyea imekauka na kupasuka, au mrija wenyewe una ufa. Inaweza pia kuwa oili imejazwa kupita alama ya juu hadi krankishafti inaipiga na kuifanya povu. Hilo linasahaulika sana. Presha haijengeki kwa povu.

Presha ndogo kila mahali, baridi na moto, ndiyo inayoelekeza kwenye pampu yenyewe au vali ya kupunguza. Na presha iliyozidi 6 injini ikiwa moto ni vali iliyokwama imefungwa, au oili nzito isiyofaa. Injini baridi kuzidi hapo kwa dakika chache si ajabu.

Geji ikionyesha presha safi huku taa inawaka, badilisha swichi. Ni kifaa cha bei ndogo na huchoka mara nyingi kuliko pampu.

Kushusha sampo na kusafisha chujio

Kabla ya kufungua unaweza kuchungulia. Mwaga oili, kisha ingiza kamera nyembamba ya kuunganisha na simu kupitia tundu la bolti ya kumwagia. Ukiona wavu mweusi wenye mabonge, huna la kubishana. Oili yenyewe imwage kwenye beseni safi na upitishe sumaku: unga mweusi mdogo ni wa kawaida, vipande vinavyong'aa si vya kawaida. Vijipande vya rangi ya shaba au ya fedha visivyovutwa na sumaku vinatoka kwenye beringi, na hapo kazi si ya chujio tena.

Toa bamba la kinga chini ya injini. Sampo ya injini hizi ina sehemu mbili, ya juu ya aluminiamu na ya chini ya bati. Anza na ya chini. Imegandishwa kwa gundi ya gasketi, hivyo baada ya kutoa bolti na nati ikate gundi kwa kisu chembamba polepole kuzunguka ukingo. Bisibisi nene na nyundo hupinda ukingo wa bati, nao ukishapinda utavuja daima.

Toa chujio pamoja na mrija wake. Liloweke kwenye mafuta ya taa, lisugue kwa brashi laini, kisha lipulize kwa kompresa kutoka upande wa ndani kwenda nje ili uchafu usisukumwe ndani ya mrija. Likiwa limeziba kwa ukoko mgumu usiotoka, nunua jipya. Bei yake haifiki robo ya turbo. Usitoboe wala kutoa wavu. Kuna wanaofanya hivyo ili "oili ipite vizuri," na kipande cha kwanza cha kaboni kinaingia moja kwa moja kwenye meno ya pampu.

Unaporudisha, weka gasketi mpya ya mrija. Ni kitu kidogo, lakini ukirudisha ya zamani na ikanyonya hewa, kazi yote itarudiwa. Safisha kingo zote mbili hadi zisiwe na grisi, kisha weka gundi mstari mmoja mwembamba wa takriban milimita 3, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Gundi ikizidi hubanwa kuelekea ndani, hukauka, hukatika, na inaishia kwenye chujio ulilotoka kusafisha. Machujio mengi yaliyofunguliwa yamekutwa yamezibwa na gundi ya fundi. Bolti ndogo za milimita 6 zinahitaji takriban Nm 10 tu, zikazwe kwa kupishana. Subiri angalau saa 2 kabla ya kujaza oili.

Ikibidi kufika kwenye pampu

Ukifika hapa uwe umeshajua kwamba oili ni sahihi, chujio ni safi, mrija haunyonyi hewa, na angalau beringi moja ya konrodi imefunguliwa na kuonekana haijafikia rangi ya shaba. Kama shaba inaonekana, pampu mpya haitaokoa chochote.

Toa kwanza plagi ya vali ya kupunguza, springi na pistoni yake. Ioshe pistoni, ipake oili, iachie ishuke kwenye tundu lake: inatakiwa kuteremka kwa uzito wake bila kusukumwa. Ikikwama, tafuta mkwaruzo au kaboni. Mikwaruzo midogo haisuguliwi kwa msasa mkali.

Kisha pima pampu kwa vipimo vyembamba vya nafasi. Ndani yake kuna rota mbili, gurudumu moja la meno likizunguka ndani ya jingine. Kati ya rota ya nje na mwili wake, nafasi nzuri ni karibu milimita 0.10 hadi 0.17. Kati ya ncha za rota mbili, karibu 0.08 hadi 0.16. Kati ya uso wa rota na rula iliyonyooka iliyolazwa juu ya mwili, karibu 0.03 hadi 0.09. Ikivuka 0.20 kwenye mbili za kwanza au 0.15 kwenye ya tatu, ihesabu imechoka. Mpaka kamili ni ule wa kitabu cha injini yako. Mwili wenye mifereji inayoshika ukucha haufai hata kama vipimo vimekubali, maana mifereji hiyo ilichimbwa na kitu kigumu kilichopita. Badilisha pampu nzima kama seti.

Kuwasha baada ya kazi

Pampu kavu hainyonyi. Kabla ya kuifunga jaza nafasi za rota kwa oili ya injini, na filta mpya ijaze oili hadi karibu na mdomo. Jaza injini: ujazo wake pamoja na filta ni karibu lita 7, lakini weka lita 6 kwanza kisha ufuate kijiti.

Zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake. Kwenye D-4D, zima swichi kabisa halafu chomoa plagi za nozeli zote 4. Umeme wa nozeli hizi ni mkubwa, hivyo usiziguse swichi ikiwa imewashwa. Kwenye 3L na 5L, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu ya dizeli. Piga stata sekunde 10, pumzika nusu dakika, rudia hadi taa izime au geji ianze kupanda. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Usikanyage kwa dakika ya kwanza. Zima, subiri, pima kijiti, ongeza. Filta na kipoza oili vitakuwa vimechukua sehemu yao.

Matunzo

Kwa barabara za vumbi, mizigo na foleni, badilisha oili na filta kila kilomita 5,000. Oili ya dizeli ya 15W-40 yenye daraja la API CH-4 au CI-4 inazitosha injini hizi kwenye joto letu kama gari halina chujio la moshi la DPF. Kagua muhuri wa kopo na ununue kwa muuzaji anayejulikana, kwa sababu oili bandia ipo sokoni na haionekani kwa macho. Filta ya bei ya kutupa mara nyingi haina vali nzuri ya kuzuia oili isirudi chini. Utaijua kwa injini kukwaruza sekunde kadhaa kila asubuhi.

Achana na desturi ya kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa na kuiwasha. Inaondoa utando wa oili kwenye beringi na kumenya lami ya miaka kwa mkupuo mmoja, na yote hukimbilia kwenye chujio. Injini chafu isafishwe taratibu kwa kubadilisha oili mara mbili tatu kila baada ya kilomita 2,000, sampo ikifunguliwa katikati.

Kwenye 3L na 5L kuna jambo moja la ziada: pampu ya vakyumu ya breki iliyo nyuma ya alteneta inalainishwa na oili hiyohiyo ya injini kupitia mipira midogo. Mpira huo ukipasuka, injini inamwaga oili yote safarini. Ikague kila unapomwaga oili.

Na taa ikiwaka ukiwa barabarani, toa mguu, sogea pembeni, zima injini pale pale. Usijaribu kufika kituo kinachofuata. Subiri dakika 10, pima kijiti, tazama chini kama pamevuja. Oili ikiwa pungufu, jazia, washa na uhesabu sekunde 5. Taa isipozima ndani ya muda huo, zima tena na gari livutwe.